Sura ya Saba: Swali Hutangulia Kipimo

Tarehe 25 Januari 2022, Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilibadilisha namna linavyochakata picha za setilaiti zake za Sentinel-2. Kuanzia siku hiyo, kila namba iliyohifadhiwa ndani ya picha iliongezewa 1,000, na mtumiaji alitakiwa kuiondoa nyongeza hiyo kabla ya kupiga hesabu yoyote. Badiliko lilitangazwa wazi na sababu zake za kitaalamu zilikuwa nzuri. Lakini tazama linavyoyafanya mahindi ya Kitale, katika Kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, iwapo mtu hakulisoma tangazo. Shamba lililostawi mwezi Julai hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha angani mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Tuseme namba zake ni 400 kwa mwanga mwekundu na 3,600 kwa infraredi. Kielezo cha ukijani wa mimea, kiitwacho NDVI, hupatikana kwa kugawanya tofauti ya namba hizo kwa jumla yake: 3,200 kwa 4,000, yaani 0.80. Sasa ongeza 1,000 kila upande. Tofauti inabaki 3,200, jumla inapanda hadi 6,000, na kielezo kinaporomoka hadi 0.53. Hakuna jani lililonyauka wala mvua iliyokosekana, lakini modeli iliyofunzwa kwa picha za mwaka 2021 itasema kwamba Trans Nzoia nzima imepigwa na ukame.

Wataalamu wa ujifunzaji wa mashine huita jambo hili kuhama kwa data: modeli ilijifunza kutoka kwa namba za aina fulani, na sasa inalishwa namba za aina nyingine. Takwimu inazo njia nyingi za kulitambua, na anayeanza kazi hii huuliza haraka ni njia ipi iliyo bora. Sura hii inasema kwamba swali hilo limekuja mapema mno. Jaribio la kitakwimu hujibu kama marundo mawili ya namba yanafanana. Mkulima, afisa wa mikopo na mtaalamu wa kilimo wana swali jingine: je, uamuzi tunaoufanya kwa modeli hii bado ni wa haki na bado ni sahihi? Maswali hayo mawili hukutana mara chache kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo anayechagua njia aanze kwa kuamua analinganisha na nini, badiliko la ukubwa gani lina madhara, na nani atafanya nini kengele ikilia. Akishayajibu hayo, chaguo la kanuni yenyewe huwa jepesi.

Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinafaa kwa hoja hii kwa sababu kilimo chake kimepimwa sana. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha mji huo kikatoa H611, mahindi chotara yaliyozaliwa kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na mbegu kutoka Ecuador. Shirika la One Acre Fund lilianza kazi Bungoma mwaka 2006, likiwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea. Mwaka 2017, Marshall Burke na David Lobell wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mavuno ya mashamba madogo ya mahindi magharibi mwa Kenya yanaweza kukadiriwa kwa picha za setilaiti. Data zao zilikuwa za misimu ya 2014 na 2015. Kampuni kama Apollo Agriculture, iliyoanzishwa mwaka 2016, hutumia picha za aina hiyo pamoja na ujifunzaji wa mashine kuamua ni mkulima gani akopeshwe. Mtu anaponyimwa gunia la mbolea kwa sababu ya namba, kuhama kwa namba hiyo hakubaki tena jambo la wahandisi peke yao.

Tuanze na jambo la kulinganisha na nini, kwa kuwa ndilo linaloharibu kazi nyingi. Mashine za kufuatilia modeli hujengwa mara nyingi kwa kulinganisha wiki hii na wiki zilizopita, au mwezi huu na data zote za mafunzo. Kwa duka la mtandaoni huenda ikafaa. Kitale, ambako mahindi hupandwa Machi na Aprili mvua ndefu zinapoanza na kuvunwa kuanzia Oktoba, kulinganisha Juni na Februari ni kugundua kwamba mimea huota. Bungoma ina ugumu wake. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wa Bungoma karibu 1,400. Katika maeneo ya chini mahindi hukomaa mapema, na wapo wanaopanda tena mvua fupi zinapokuja. Isitoshe, mashamba ya miwa yako kando ya mahindi, na mimea hiyo miwili ni ya jamii ya nyasi, hivyo kutoka angani hufanana kwa miezi kadhaa. Jaribio lolote likiyachanganya mashamba ya eneo la Kwanza, Trans Nzoia, na ya Bumula, Bungoma, katika rundo moja, litalia mwaka mzima, nalo litakuwa linasema kweli: namba zimehama kweli. Ila ni uhamaji ambao kila mkulima aliutarajia. Ulinganisho wenye maana ni Juni kwa Juni zilizotangulia, eneo kwa eneo, na ikiwezekana kwa kuhesabu siku tangu kupanda badala ya tarehe za kalenda, kwa sababu mvua ikichelewa wiki tatu shamba zima huchelewa nayo.

Baada ya kukubaliana juu ya ulinganisho, ndipo tuingie kwenye majaribio yenyewe. Linalotajwa zaidi ni la Kolmogorov na Smirnov, lililoanzia katika kazi ya Kolmogorov ya mwaka 1933. Hupanga namba za kila rundo kutoka ndogo hadi kubwa, likachora mistari miwili ya limbikizo, kisha likatafuta mahali mistari hiyo ilipoachana zaidi. Halidai namba zifuate umbo lolote maalumu, na hilo ndilo lililolipa umaarufu. Kwa mambo yasiyo ya kupimwa kwa namba, kama aina ya mbegu au kata anakotoka mkopaji, kuna kai-mraba ya Karl Pearson ya mwaka 1900, inayolinganisha hesabu iliyoonekana na iliyotarajiwa. Yote mawili ni majaribio ya heshima. Tatizo lao hapa ni kwamba ukali wao hutegemea wingi wa data kuliko uzito wa jambo. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5, jaribio la Kolmogorov na Smirnov likiwa na mashamba 100 kila upande hupiga kengele pale mistari inapoachana kwa takriban 0.19. Likiwa na 1,000 hutosheka na 0.06. Likiwa na 100,000 hulia kwa 0.006. Mwachano huo wa mwisho hauwezi kubadilisha mkopo wa mtu yeyote. Kampuni yenye wateja wengi itasumbuliwa na kengele zisizo na maana, na chama kidogo cha akiba na mikopo huko Kimilili, chenye mashamba 100, kinaweza kukaa kimya wakati theluthi ya wanachama wake wameshaathirika.

Watu wa benki walilikimbia tatizo hilo kwa kutumia kielezo cha uthabiti kinachojulikana kama PSI. Hugawa data katika mafungu, mara nyingi kumi, kisha hupima jinsi sehemu ya kila fungu ilivyobadilika. Desturi yao ni kwamba chini ya 0.1 hakuna neno, na juu ya 0.25 hatua ichukuliwe. Kwa mfano, ikiwa modeli ilifunzwa kwa wakopaji ambao asilimia 60 walitoka nyanda za juu na 40 za chini, na sasa uwiano umegeuka, kielezo kitasoma takriban 0.16. Kinasomeka kwa urahisi, na hiyo ni faida. Lakini vizingiti hivyo vilirithiwa kutoka kwa benki zenye maelfu kwa maelfu ya maombi, na havikumbuki ukubwa wa sampuli. Ukiwa na mafungu kumi na mashamba 100 kila upande, bahati nasibu peke yake, bila badiliko lolote duniani, hutoa PSI ya wastani wa karibu 0.18. Chama cha Kimilili kikifuata desturi hiyo kitaambiwa karibu kila msimu kwamba kuna jambo, hata pasipo na jambo. Kwa namba zinazopimika napendelea umbali wa Wasserstein, ambao mizizi yake ni swali aliloliuliza Gaspard Monge mwaka 1781 kuhusu gharama ya kuhamisha udongo kutoka rundo moja hadi jingine. Jibu lake huja kwa kipimo cha kitu chenyewe: mvua imehama kwa milimita 40, mkopo umehama kwa shilingi 1,500. Afisa wa kilimo wa Webuye hahitaji shahada ya takwimu kuamua kama milimita 40 ni nyingi. Kizingiti kinawekwa na anayejua mahindi, na kazi ya takwimu inabaki kusema kama tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati.

Kusema hivyo nako kunadai uangalifu, kwa maana majaribio ya vitabuni hudhani kila shamba ni shahidi anayejitegemea. Si hivyo. Wingu moja likinyesha Saboti hunyeshea mashamba mia kadhaa kwa wakati mmoja, na mashamba 5,000 ya kaunti moja hayatoi ushahidi wa mashahidi 5,000. Njia ya busara ni kuitumia historia yenyewe: kulinganisha kila mwaka wa nyuma na miaka mingine, kwa makundi ya kata nzima, na kuona tofauti ya kawaida kati ya miaka ni kubwa kiasi gani. Mwaka huu uitwe wa ajabu tu ukiivuka tofauti hiyo. Pia tuhesabu idadi ya majaribio. Anayefuatilia vigeu 40 kila siku, kila kimoja kwa kiwango cha asilimia 5, atarajie kengele mbili za uongo kwa siku. Ikiwa vigeu hivyo havitegemeani, uwezekano wa kupata angalau moja ni asilimia 87. Marekebisho ya Bonferroni, au yale ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995, yapo kwa ajili hiyo. Dawa iliyo bora zaidi ni kupunguza vigeu vyenyewe na kubakiza vile ambavyo modeli inavitegemea kweli.

Hadi hapa tumezungumzia uhamaji unaoonekana kwenye namba zinazoingia. Ule wenye madhara makubwa mara nyingi hauonekani huko kabisa. Viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya bara la Amerika, walithibitishwa Afrika mwaka 2016, na kufikia Machi 2017 walikuwa wameripotiwa magharibi mwa Kenya, Trans Nzoia na Bungoma zikiwamo. Mdudu huyu hula majani machanga, na huingia pia kwenye gunzi. Chukulia shamba ambalo mvua yake ni ileile, mbegu ileile na ukijani wa Julai uleule, lakini magunzi yameliwa. Kolmogorov na Smirnov watasema hakuna kilichobadilika, na PSI itakaa karibu na sifuri, huku mavuno yamepungua. Kilichohama hapa ni uhusiano kati ya ukijani na magunia. Modeli yoyote iliyojifunza uhusiano huo kwa misimu ya 2014 na 2015 ilijifunza dunia isiyokuwa na mdudu huyu, na hakuna jaribio la namba zinazoingia ambalo lingeweza kuionya.

Kinyume chake pia hutokea. Tarehe 16 Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakutatozwa ada, na ikapandisha kikomo cha muamala mmoja hadi shilingi 150,000. Kwa modeli inayopima mkopaji kwa historia yake ya fedha za simu, hilo ni tetemeko. Aliyekuwa akituma shilingi 3,000 mara moja sasa ana sababu ya kutuma 1,000 mara tatu. Idadi ya miamala inapanda, wastani unashuka, na kila jaribio linalia, ilhali muuza duka wa Chwele ni yuleyule na uaminifu wake haujapungua. Wakati huohuo janga lilikuwa likiwapokonya wengine kipato kwelikweli. Miamala peke yake isingeweza kuwatenganisha waliobadilisha tabia kwa sababu ya ada na waliofilisika. Kilichoweza kuwatenganisha ni ulipaji wenyewe, na mkopo wa pembejeo unaofuata msimu hukamilika miezi kadhaa baada ya kutolewa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoibuka, nalo ni zito. Majibu ya kweli, yaani magunia yaliyopimwa na mikopo iliyolipwa, ni ghali na huchelewa. Majaribio ya namba zinazoingia ni ya bure na ya mapema. Je, tusubiri Novemba ndipo tujue modeli ilianza kukosea Mei? Nakubali kwamba hatuwezi kusubiri, na kwa sababu hiyo sisemi majaribio hayo yatupwe. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye busara huanika nafaka yake akiyatazama, lakini hatangazi kwamba imenyesha. Kengele ya namba zinazoingia itumike kuamua wapi pa kutuma watu wakapime, na si kuamua kwamba modeli imekufa au iko salama. Kupima huko hakuna ukubwa wa kutisha. Chukua mfano ambapo makosa ya modeli yanatawanyika kwa kiasi cha tani moja kwa hekta kutoka shamba hadi shamba. Mashamba 64 yaliyochaguliwa kwa kura, kila moja likavunwa kipande na kupimwa mizani, hutoa wastani wa kosa wenye shaka ya tani 0.125. Modeli ikiwa imeanza kuzidisha kwa robo tani, karibu magunia matatu ya kilo 90, mashamba hayo yana nafasi nzuri ya kuionyesha. Sharti ni kura. Mashamba ya kando ya barabara ya lami, au ya wakulima wanaojulikana na ofisi, hayasemi lolote kuhusu mengine.

Pingamizi la pili linasema: ukilinganisha msimu na msimu uliopita tu, badiliko la polepole litapenya bila kuonekana. Ni kweli. Mbegu mpya huchukua nafasi ya za zamani kidogo kidogo, mashamba hugawanywa kwa urithi, na mwanzo wa mvua husogea. Kila mwaka hufanana na uliotangulia, lakini wa kumi haufanani na wa kwanza. Jibu ni kushika nanga mbili: moja ya misimu ya karibuni, nyingine ya data za mafunzo ambayo haisogezwi. Juu yake iwekwe njia ya jumla limbikizi aliyoileta E. S. Page mwaka 1954, ambayo hukusanya makosa madogo ya upande mmoja hadi yawe mzigo unaoonekana. Njia hiyo ilizaliwa kwa ajili ya kukagua ubora wa bidhaa viwandani, na kwa kosa dogo linalodumu ni kali kuliko kulipima kila msimu peke yake.

La tatu hutoka kwa wenye ujuzi zaidi. Wanasema kupima kigeu kimojakimoja ni kupofuka, kwa kuwa mvua na ukijani vinaweza kubaki vilevile kila kimoja peke yake na bado mwendo wao wa pamoja ukawa umevunjika. Tutumie basi njia zinazotazama vyote kwa pamoja. Hoja ni sahihi, na kwa picha ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 2016, Mohanty, Hughes na Salathé walionyesha modeli iliyotambua magonjwa ya mimea kwa usahihi wa asilimia 99.35 katika mkusanyiko wa picha 54,306 za PlantVillage. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulishuka hadi karibu asilimia 31. Mabadiliko ya namna hiyo, ya mwanga, mandhari na pembe ya kamera, hayapatikani kwa kupima nukta mojamoja ya picha. Hata hivyo, utafiti wa Rabanser, Günnemann na Lipton wa mwaka 2019 uliolinganisha njia nyingi ulikuta kwamba majaribio rahisi ya kigeu kimojakimoja, yakifanywa juu ya matokeo ya modeli iliyokwisha kufunzwa na kurekebishwa kwa Bonferroni, yalishindana vizuri na yale magumu. Kwa programu ya simu inayotambua magonjwa ya muhogo kule Bumula, basi, fuatilia kwanza majibu yenyewe: imesema ugonjwa mara ngapi, na kwa uhakika kiasi gani. Hilo linapimika kwa njia nyepesi, na mtu wa nyanjani anaweza kulifuata.

La mwisho ni la wenye haraka: kwa nini tusifunze modeli upya kila msimu tukaachana na kengele? Jibu limo katika tarehe ya 25 Januari 2022. Modeli iliyofunzwa upya kwa picha zisizorekebishwa ingejifunza kosa la uchakataji kana kwamba ni tabia ya mahindi. Iliyofunzwa upya kwa msimu mmoja wa wadudu ingeamini kwamba kila msimu una wadudu. Kufunza upya ni tiba, na tiba hudai kwanza ijulikane kinachougua: ni chombo cha kupimia, ni msimu, ni watu waliobadilisha mwenendo, au ni dunia yenyewe iliyogeuka. Chombo hurekebishwa, msimu huingizwa kwenye ulinganisho, mwenendo hudai vigeu vipya, na dunia iliyogeuka ndiyo pekee inayodai mafunzo mapya.

Mpangilio ninaoutetea, basi, ni huu. Linganisha msimu kwa msimu na eneo kwa eneo. Pima ukubwa wa badiliko kwa kipimo anachokielewa mtu wa kazi, kisha utumie jaribio la kitakwimu kuuliza kama bahati ingeweza kuleta ukubwa huo. Fuatilia matokeo ya modeli kabla ya kufuatilia kila kigeu kinachoingia. Tenga fedha za kupima mashamba machache kwa kura kila mwaka, hata mwaka ambao kengele zote zimenyamaza, kwa kuwa mwaka wa namna hiyo ndio viwavijeshi walipopita. Na kizingiti cha kila kengele kiandikwe pamoja na hatua itakayofuata na cheo cha mwenye kuichukua, kabla msimu haujaanza. Anayenyimwa mkopo Kiminini kwa sababu modeli imehama hana namna ya kuiona hesabu iliyomhukumu, wala hana jaribio la kukatia rufaa. Wajibu wa kuiona uko kwa aliyeiweka modeli hiyo kazini, na gharama ya kupima mashamba 64 ni sehemu halali ya gharama ya kukopesha kwa mashine. Asiyeweza kuilipa hajawa tayari kuitumia.